Kwa nini tukipuliza vanishi tunamtoa nje hata mwanamume

Ukifika karakana yetu ya samani hapa Nsambya ukakuta kompresa inanguruma, utaombwa usubiri nje. Akina mama hutoka bila neno, hasa mwenye mimba. Wabishi ni wanaume: "Fundi, mimi nina mimba? Niache nione kitanda changu."

Basi tuelezane. Thina tunayochanganyia vanishi mara nyingi huwa na tolueni, kemikali ya kuyeyushia vanishi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, na ukiuvuta hupita kwenye mapafu moja kwa moja hadi kwenye damu. Kwamba unaumiza kichwa, kila mtu anajua. Kwamba unagusa homoni, wengi hawajasikia.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotoa homoni iitwayo LH. Kwa mwanamume, LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni. Kwa mwanamke hulitoa yai. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanaume na wanawake walivuta tolueni kwa saa 3, sehemu 50 katika kila milioni ya hewa. Homoni hazikuvurugika kiasi cha kuitwa ugonjwa. Ila LH iliguswa kidogo kwa wanaume, na kwa wanawake waliokuwa nusu ya pili ya mzunguko, yai likishatoka. Kwa hiyo kwa mwanamke, siku za mwezi nazo zina neno lake. Mwanamume hana pa kujifichia.

Tena hizo ni saa 3 tu. Huko Sweden, wapiga chapa wanaume waliovuta tolueni kazini walipimwa, ikaonekana kadiri walivyoivuta zaidi ndivyo LH na testosteroni zilivyokuwa chini.

Tusitishane: dakika chache za mteja hazimnyimi mtu watoto. Anayebeba mzigo ni fundi wa kila siku, ndiyo maana wetu hupulizia uani na kuvaa barakoa yenye chujio la mkaa. Ile ya kitambaa inazuia vumbi, mvuke unapita kama kawaida.

Na hatutoi kitanda siku kilipopulizwa, hata ukija na pikapu. Kikae hadi harufu iishe, maana ikibaki utaivuta ukiwa umelala.

Vanishi ya maji ipo. Bei yake iko juu na mng'ao wake, kusema kweli, haunifurahishi, lakini kwa kitanda cha mtoto chukua hiyo. Mwambie fundi kabla hajachanganya thina.