Kocha mpya, kwotabeki aliyeyumba: abaki au ampishe mdogo wake?

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi niwatupie wasomaji suala la ufundi, hasa wale waliowahi kufundisha timu yoyote, iwe ya soka, ya kikapu au ya huu mpira wa Kimarekani wa umbo la yai. Mimi ni kocha msaidizi upande wa ushambuliaji kwenye timu ya sekondari moja hapa Ohio. Tumeletewa kocha mkuu mpya, na kabla mazoezi ya Agosti hayajaanza anataka jibu la maandishi: kwotabeki wetu aliyemaliza msimu uliopita akiwa hoi abaki namba moja, au nafasi apewe mdogo wake anayeingia darasa la 10?

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta, mtu wa katikati ya ukuta wa mbele, kila mchezo (yaani kila jaribio moja la kusogeza mpira) unapoanza, na ndani ya sekunde mbili tatu lazima aamue: ampe mkimbiaji, arushe, au akimbie nao mwenyewe. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10; ikishindwa, mpira ni wa wapinzani. Nafasi yake inafanana na ya golikipa kwa kuwa hawawezi kusimama wawili. Lakini ukibadilisha golikipa, mabeki wanaendelea kukaba walivyozoea. Ukibadilisha kwotabeki, wote 11 wanaanza kujifunza kazi upya.

Nimekaa na video za msimu mzima, pasi kwa pasi, nikiandika mambo manne: mpira ulikaa mkononi muda gani, nani kwenye ukuta wa mbele, wale wanaomkinga kwotabeki, alipitwa kwanza, miguu ya kijana ilitulia lini, na mpokeaji wa kwanza alikuwa wazi au amebanwa. Nilitarajia kupata mkosaji mmoja. Sikumpata.

Pasi za haraka, zile ambazo kwotabeki anarudi nyuma hatua 3 ndipo arushe, hazina shida. Mpira unatoka kabla ya sekunde 2 na unamfika mwenzake kifuani. Balaa linaanzia kwenye pasi za hatua 5. Mpokeaji anayekwenda yadi 14 kisha akageuka kurudi mpaka 12 anataka karibu sekunde 2.8 ndipo awe tayari kupokea, na mlinzi wetu wa mwisho upande wa kushoto wa ukuta anapitwa kabla ya 2.5. Kwa hesabu hiyo hata umlete nani ataangushwa tu, tena kwa mgongoni, maana kijana anarusha kwa mkono wa kulia na anayemjia kutoka kushoto hamwoni. Pasi hizo ziliitwa, yaani benchi liliagiza zichezwe, mwaka mzima.

Kuna na kosa jingine ambalo makocha wa shule hulitoa kwenye televisheni. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi. Mchezo ukiishia pembeni, unaofuata unaanzia kwenye mistari midogo ya ndani. Kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mistari hiyo imeachana futi 18 na inchi 6 tu, kwa hiyo mpira ni kama unaanzia katikati siku zote. Sekondari mistari hiyo imeugawa uwanja mafungu matatu yaliyo sawa, kila moja futi 53 na inchi 4. Mchezo ukianzia mstari wa kushoto, kulia kunabaki karibu yadi 36 mpaka kwenye chaki ya nje. Mwambie mpokeaji wa huko aende yadi 10 kisha akatie nje: kwenye karatasi ya takwimu ni pasi ya yadi 10, lakini hewani mpira unasafiri yadi 35 na ushee. Mkono wa kijana wa sekondari utaupandisha juu ili ufike, na beki wa pembeni ana muda wa kutosha kujipanga chini yake. Mipira mingi aliyonyakuliwa kijana wetu ni ya aina hii. Aliyestahili lawama ni aliyeuita mchezo, ila kwenye takwimu jina linaloandikwa ni la aliyerusha.

Sasa upande wake. Hata ukuta ulipomlinda vizuri, macho yake yalikuwa yanatoka kwa mabeki wa nyuma na kushuka kwa wanaomkimbilia. Macho yakishashuka, miguu inafuata: anatorokea kulia mapema, anaikata nusu ya uwanja kwa hiari yake, halafu anajaribu kuurudisha mpira katikati huku mwili unakwenda pembeni. Pia akiwa na haraka anapiga hatua ndefu mno ya mguu wa mbele. Uzito unabaki nyuma, bega linainuka, na mpira unapita juu ya kichwa cha mwenzake. Hilo la hatua linatibika. Hatua ya inchi 6 mpaka 12 inatosha, na ukimchorea mstari wa chaki mbele ya kidole gumba cha mguu, atajiona mwenyewe anapouvuka. La macho ndilo gumu. Makocha wengi wataniambia kwamba mtoto akishaanza kuwatazama wanaomjia, hafai tena. Ningekubali, isipokuwa kwa jambo moja nililoliona nilipoirudisha video polepole.

Senta wetu analeta mpira chini. Kwotabeki anasimama yadi 5 nyuma yake, na mara nyingi mpira unamkuta kwenye ugoko, kushoto. Lazima ainame. Anapoinama haoni kitu, na hizo ndizo sehemu za sekunde ambazo mabeki wa mwisho wanabadilishana nafasi. Aliyekuwa kulia ameshafika katikati. Kijana akiinua uso, picha aliyoikariri kabla ya mpira kuanza haipo tena, na kitu cha kwanza anachokiona mbele yake ni jitu la kilo 110 linakuja. Je, macho yanashuka kwa woga, au tumeyafundisha wenyewe kushuka kila mpira unapoanza?

Nimependekeza jaribio la siku moja, bila kugongana. Pasi 10 za kwanza, kocha anampa mpira kwa mkono usawa wa kifua, hakuna wa kumkimbilia. Pasi 10 zinazofuata, mpira unatoka kwa senta. Pasi 10 za mwisho, senta yupo na watu wanne wenye mito ya mazoezi wanakanyaga karibu na miguu yake bila kumgusa. Kamera moja nyuma, nyingine mbele usawa wa uso, kwa sababu tunachotafuta ni macho. Pasi ikifika au isifike si hoja siku hiyo. Yakianza kushuka kwenye kundi la pili, tatizo ni mpira wa senta, na dawa yake ni senta kurudisha mipira 50 kila siku akilenga kitovu cha mwenzake. Yakishuka kwenye kundi la tatu peke yake, ni woga, na hapo sina dawa ya wiki tatu. Mdogo wake naye apimwe vilevile. Tahadhari moja: yale mashindano ya kiangazi ya saba kwa saba hayafai kuwa kipimo. Hakuna ukuta, hakuna anayekimbilia, kila kwotabeki anaonekana bingwa.

Kocha mkuu yeye anapenda kuzungumza kwa mifano ya NFL, basi nimemwekea ya pande zote. Jared Goff alianza mechi 7 akiwa kwotabeki wa Rams mwaka 2016 na akapoteza zote 7, tachidauni 5 (pasi zilizofika eneo la kufungia), mipira 7 ikanyakuliwa. Mwaka 2017 akaja kocha mpya Sean McVay, na Goff yuleyule akatoa tachidauni 28 kwa mipira 7, timu ikashinda 11. Watu husifia akili ya McVay na kusahau kwamba kabla ya msimu huo waliletwa Andrew Whitworth kulinda kushoto na John Sullivan kuwa senta. Ndiyo hoja yangu hasa: walitengenezwa waliomzunguka. Trevor Lawrence pale Jacksonville alikuwa na tachidauni 12 na mipira 17 iliyonyakuliwa mwaka 2021. Chini ya Doug Pederson mwaka uliofuata, 25 kwa 8. Sam Darnold, Jets walimpeleka Carolina 2021, na 2024 akiwa Minnesota akashinda mechi 14.

Lakini upande wa pili upo. Matt Eberflus alipofika Chicago kuwa kocha mkuu 2022 alimkuta Justin Fields akambakiza. Mwaka huo Fields aliangushwa na mpira mkononi mara 55, na Machi 2024 akapelekwa Pittsburgh kwa chaguo la raundi ya 6 lenye masharti, yaani haki ya kuchagua mchezaji chipukizi. Miguu alikuwa nayo, na mkono pia. Mpira ndio ulikuwa unakaa naye mno. Kuangushwa huwa kunamfuata kwotabeki hata akihamia timu yenye ukuta mzuri zaidi, kwa sababu muda wa kukaa na mpira ni tabia ya mtu. Kwa hiyo ikiwa jaribio langu litaonyesha woga, mfano wa Goff hautatusaidia kitu.

Mfano ambao kocha mkuu ameushika ni wa Carolina. Dave Canales alipoanza kazi 2024 alimbakiza Bryce Young, akapigwa 47-10 na 26-3, akamweka benchi baada ya mechi hizo 2 na kumpa Andy Dalton. Dalton akaumia kidole gumba kwenye ajali ya gari, Young akarejea, na kipindi cha pili cha msimu alicheza kama mtu mwingine. Mechi ya mwisho wakaifunga Atlanta 44-38. Kocha anasema na sisi tufanye hivyo, tumpe mechi mbili tuone. Mimi sioni kama inatufaa. NFL wanacheza mechi 17, sisi 10. Mechi 5 alizokaa nje Young kwetu ni nusu ya msimu, na kijana wetu yuko darasa la 12. Hana mwaka mwingine wa kurudi.

Kwa nini basi tusiwagawie mazoezi nusu kwa nusu, aliye bora ajionyeshe? Kwa sababu ya hesabu ya mipira. Kwenye mazoezi ya saa 2, ukitoa kujinyoosha, mbio na kazi za vikundi, pasi za 11 kwa 11 zinabaki kama 24. Ukigawa, kila mmoja anapata 12, na wapokeaji wanajifunza nyakati mbili tofauti za kufikiwa na mpira: mkubwa anarusha mpira laini kabla mwenzake hajageuka, mdogo anasubiri amwone wazi ndipo aupige kwa nguvu. Ikifika Ijumaa ya kwanza hakuna aliyeiva. Na mdogo huyo, pamoja na mbio zake zote, bado hajui kusoma beki hata mmoja. Tukimpa timu itabidi tucheze kwa kukimbia zaidi, na ukuta ujifunze ulinzi wa aina nyingine kabisa.

Mwelekeo wangu ni mkubwa abaki, lakini tumpunguzie mzigo. Hatua 5 zisiitwe bila mlinzi wa sita, yaani mkimbiaji abaki nyuma kusaidia kushoto. Pasi ya kukatia nje upande mpana ifutwe kabisa. Asome nusu ya uwanja tu: wapokeaji wawili, akiwakosa wote autupe nje mpira. Kwa kuwa miguu inampeleka kulia hata usipomtuma, basi tumtume sisi, kwa kudanganya kwamba mkimbiaji amepewa mpira huku ukuta wote unahamia naye. Na tuanze kurusha kwenye jaribio la kwanza, wakati wapinzani wanategemea tukimbie. Kwenye jaribio la 3 likiwa limebaki zaidi ya yadi 7 kila mtu uwanjani anajua kinachokuja, na hapo ndipo alipokuwa anaumia zaidi.

Nisichoweza kuamua peke yangu ni haya, na ndipo ninapoomba wenye uzoefu wanijibu. Muda wa kumpima uwe upi? Mechi 3 kati ya 10 naziona nyingi, mechi 1 ni uonevu. Na kipimo kiwe nini: matokeo, au vitu viwili tu, mpira utoke ndani ya sekunde 2.5 na asirushe kurudi katikati akiwa anakimbia pembeni? Nikichagua hivyo viwili anaweza kufaulu huku tunafungwa, na sijui kama kocha mkuu atavumilia.

Mdogo wake, tumpe michezo michache ya kukimbia tukiwa ndani ya yadi 5 za mwisho? Ingemkomaza. Ila nimeshaona jukwaa linavyoshangilia akiingia mwingine, na mwenye nafasi yake amesimama pembeni anasikia.

La mwisho linahusu nyumbani kwao. Wazazi wa kwotabeki wetu ni watu wa Kivu, Kiswahili ndiyo lugha ya sebuleni, na uamuzi wowote utakaotoka mimi ndiye nitakayetumwa kuwaeleza. Waliofundisha vijana wa familia zetu huku ugenini, mliwaambia wazazi masharti kabla msimu haujaanza, au mlisubiri mpaka kuwe na jambo la kuwaambia? Jibu la maandishi natakiwa kulikabidhi mwisho wa Julai.

Wenu,
Kocha msaidizi, Ohio