Shukrani kwa kaka mpiga picha wa Kibumba

Namshukuru kwa dhati kaka mmoja mpiga picha, ambaye jina lake sikulipata, aliyenifunza kupiga picha za vijana wanaoshindana kushuka kwa baiskeli miteremko ya Kibumba, juu ya Goma. Alinikataza kusimama upande wa nje wa kona, kwa kuwa anayeteleza huangukia huko, kisha akanielekeza nilenge mapema jiwe moja la lava, niweke kasi ya shuta, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde na kungoja gurudumu la mbele lilifikie. Kwa kasi ya 1/60 ya sekunde, alisema, uzungushe kiuno pamoja na mwendeshaji, ili yeye aonekane wazi na migomba ya nyuma ibaki mistari mitupu. Hata kitambaa chake cha kufutia lenzi aliniachia, maana vumbi letu jeusi halina huruma. Asante sana, kaka.