Kabla ya kusema "ni kweli" mbele ya hakimu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa Malindi hulizungumza kwa kunong'ona, tena usiku wa manane, pindi kijana wa nyumbani anapokamatwa akiendesha chombo huku amelewa. Siandiki kumtetea mlevi. Nina tuktuk mbili zinazofanya kazi kati ya mjini na Mambrui, na dereva aliyekunywa ni hasara kwangu hata kabla hajawa kesi ya serikali. Ninachotaka kusema ni kwamba madhara mengi yanayoipata familia hayatoki kwenye sheria yenyewe, bali kwenye yale tunayoyafanya kwa pupa baina ya saa ya kukamatwa na asubuhi ya mahakamani.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha moja ya tuktuk hizo, alisimamishwa kwenye kizuizi usiku wa Jumamosi karibu na daraja la Sabaki, akitoka mangweni, kwenye kilabu cha pombe ya mnazi. Saa nane usiku dada yangu alinigongea mlango akiwa amejitanda leso, na pindoni mwa leso hiyo amefunga shilingi 12,000 alizokopa kwa majirani wawili. Hakuniuliza mtoto ameshtakiwa kwa kosa gani wala sheria inasemaje. Aliniuliza, "Kaka, nani wa kupewa?"

Nje ya kituo tulimkuta mtu wa kupewa akitungoja, kijana asiye askari wala wakili, ambaye kwa shilingi 10,000 aliahidi kwamba jina halitaingia kitabuni. Jina lilikuwa limekwisha kuingia. Niliposogea kaunta nikaomba nambari ya kumbukumbu katika kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, niliandikiwa kwenye kipande cha karatasi bila maneno mengi, na kijana yule hatukumwona tena. Laiti tungempa, sisi wenyewe tungekuwa tumetenda kosa, kwa kuwa Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 humhesabu anayetoa kuwa mkosaji sawa na anayepokea, na adhabu yake yaweza kufika miaka 10 jela, ambayo ni mara tano ya kifungo kikubwa kabisa cha kuendesha gari kwa ulevi. Tulitaka kumtoa mtu kisimani kwa kujitumbukiza baharini.

Njia ya halali ilikuwa wazi muda wote. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Hapo pana jambo ambalo wengi hulikosea: saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haifanyi kazi, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, na kwa hiyo aliyekamatwa Jumamosi usiku aweza kukaa hadi Jumatatu bila polisi kuvunja Katiba. Lakini dhamana ya polisi haingoji Jumatatu. Mpwa wangu alitoka Jumapili adhuhuri kwa pesa zile zile zilizokuwa pindoni mwa leso, safari hii zikiwa na risiti, na kesi ilipokwisha zilirudishwa, kwa sababu pesa za dhamana si ada wala faini, ni amana ya kuhakikisha kwamba mtu atarudi.

Kuhusu haki ya kunyamaza niseme kidogo. Kila mlevi wa Malindi hunywa mbili tu. Mpwa wangu naye alimwambia askari wa trafiki kwamba amekunywa mbili tu, kisha akaongeza kwamba wenzake walimnywesha vikombe vitatu vya kahawa tungu ili pombe imtoke, na maelezo hayo yote yakaandikwa. Kahawa humfumbua mtu macho, lakini ini huipunguza pombe iliyo damuni kwa mwendo wake lenyewe, wala haliharakishwi na kahawa, ndimu au maji baridi. Na kwa mnazi hesabu ya chupa haina maana kabisa, maana uliogemwa asubuhi ukiwa mtamu huendelea kuchacha, na ukifika jioni si mnazi ule ule. Kama umekamatwa, taja jina lako, toa leseni, puliza unapotakiwa kupuliza, uombe uonyeshwe kipimo kimesoma nini, kisha ufunge mdomo. Kugombana na askari barabarani hakujapata kumsaidia mtu.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Usiku aliokaa seli, wenyeji wa seli walimpa mpwa wangu ushauri: "Sema ni kweli, utozwe kidogo, urudi nyumbani mapema." Jumatatu karani alimsomea shtaka kwa Kiswahili, naye akajibu "ni kweli" hata kabla sentensi haijatua. Alitozwa faini ya shilingi 20,000, tukailipa siku ile ile, akatoka akitabasamu. Alikuwa hajayasikia vizuri maneno yaliyofuata. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Na juu ya hayo kinamwondolea aliyehukumiwa haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12 tangu siku ya hukumu. Kwa mwenye gari lake la kwendea ofisini hiyo ni adha, bali kwa dereva wa tuktuk ni kufungiwa duka. Pengo la faini tuliliziba kwa wiki tatu za kubanabana, na mwaka wa leseni ukamrudisha kijana mwenye mke na watoto wawili kubeba mawe ya matumbawe kwa kibarua cha siku.

Sisemi kwamba alikuwa hana kosa. Nasema hakujua anakubali nini. Sheria hiyo yamhusu mtu aliyelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo sawasawa, na inamgusa hata yule ambaye hajaondoka ila amekishika chombo kikiwa barabarani au mahali pa umma. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba kanuni za kifaa cha kupuliza, ambazo zilitegemea kiwango cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, hazikuwiana na maneno hayo ya Sheria ya Trafiki yenyewe. Pana swali la kujibiwa hapo, na wa kulijibu ni wakili, si mahabusu mwenzako. Ukishasema "ni kweli" ukahukumiwa, una siku 14 za kukata rufaa, na hata hiyo itahusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu, haitahusu kama ulitenda au hukutenda.

Baada ya jibu la kwanza mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio, na mshtakiwa huulizwa kama maelezo hayo ni sahihi. Hiyo ni nafasi ya pili, na wengi huipitisha kwa kutikisa kichwa. Ni haki ya mshtakiwa kuomba muda wa kumwona wakili kabla ya kujibu, na ni haki yake kupewa mkalimani bila malipo kama Kiswahili cha mahakamani hakimwingii, jambo ambalo huku kwetu, kwa wazee na vijana wanaotoka Marafa na bara zaidi, si la kupuuzwa. Aliyetenda na akaamua kukiri, akiri, nayo ni heshima. Ila kabla ya adhabu kutajwa asimame aeleze ana watoto wangapi, anafanya kazi gani, na kama ni kosa lake la kwanza. Mpwa wangu alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Sina, mheshimiwa."

Kwa wenye tuktuk wenzangu nina neno moja la kibiashara: msimpe chombo dereva aliyefungiwa leseni kwa kumhurumia. Mimi nilikaribia kushawishika, na dada yangu akalia, lakini nilikataa, maana dereva huyo akikamatwa tena, na Mungu aepushe amgonge mtu, sheria ya kusababisha kifo barabarani inafika miaka 10.

Nawaomba wakuu wa mahakama za hapa waruhusu karani ataje habari ya leseni kabla ya kuuliza jibu, si baada yake. Ni sentensi moja tu. Na polisi nawaomba wabandike karibu na kaunta karatasi ya Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa, inayoeleza OB, dhamana na risiti, ili mama atakayefika saa nane usiku na pesa pindoni mwa leso apate cha kusoma kabla hajauliza nani wa kupewa.

Mwenye tuktuk,
Maweni, Malindi