Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Karatasi Kwanza

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilielekeza kazi ya karakana kwenye wasli, karatasi ya matabaka inayobeba picha ndogo za Kimughal, yaani za enzi ya wafalme Waislamu wa India. Wapo waliotaka tuanze na kuchora nyuso za watu. Kamati haikukubali, maana kasoro nyingi zinazolaumiwa rangi huanzia chini yake.

Gundi ni ya unga wa ngano, iliyopikwa ikachujwa, na mrututu kidogo wa kuzuia wadudu na ukungu (ni sumu, sufuria hiyo isirudi jikoni). Hubandikwa karatasi tatu au nne, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, la sivyo wasli hupinda ikikauka. Kisha husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae.

Rangi ikishakauka, picha hulazwa kifudifudi juu ya kibao laini cha jiwe na kusuguliwa mgongoni. Ikiwa bado na unyevu, hunata kwenye jiwe na kubanduka. Gundi ya mgunga inayochanganywa na rangi ikipungua, rangi hutoka kama vumbi, ikizidi, hupasuka. Kijani cha kutu ya shaba kinapendeza, lakini hula karatasi: katika miswada ya kale, mistari ya fremu iliyochorwa nacho mara nyingi imekata ukurasa. Tumieni malakaiti, kijani cha jiwe lililosagwa.

Kikundi cha usomaji kilishughulikia Hamzanama, kitabu cha hadithi za shujaa Hamza, iliyoagizwa na Akbar, mfalme wa Kimughal, miaka ya 1560: picha takriban 1,400 juu ya kitambaa cha pamba, zenye kimo cha karibu sentimita 70, zikisimamiwa na wachoraji Mir Sayyid Ali, kisha Abd al-Samad. Zilizosalia hazifiki 200. Baadhi zilikutwa Srinagar mwaka 1881 zimeziba madirisha. Maandishi yako nyuma, kwa hiyo hadhira ingeweza kutazama jitu au joka huku msomaji akisimulia. Kwa maoni yangu, hilo laeleza ukubwa wake kuliko fahari ya mfalme.

Hesabu za fedha mnazo kutoka kwa mweka hazina.

Mwaka ujao tutafanya kazi wawili wawili, kama karakana ya Akbar. Katika Akbarnama iliyoko London, tarehe ya utawala wake, ukurasa wa Akbar juu ya ndovu Hawai unamtaja Basawan kwa utungaji na Chatar kwa rangi. Kila jozi iandike majina yake pambizoni vivyo hivyo. Wasli ziwe zimekauka kabla ya kikao cha kwanza.