Kumbukumbu za askari wa Burma zisahihishwe

Mhariri,

Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw huko Burma (sasa Myanmar) mwaka 1944 na kuvuka mto Chindwin Desemba mwaka huo, lakini cheti chake cha kumaliza utumishi hakionyeshi Nyota ya Burma, medali ya waliopigana huko. Kwa kuwa nyota hizo zilitolewa bila kuchongwa jina la askari, tegemeo letu ni maandishi, na mahali pa medali katika cheti chake pako wazi, ilhali kovu la risasi begani mwake tulilijua sote. Naiomba Serikali ishirikiane na Uingereza kuyapitia majalada ya utumishi wa askari hao na kuyasahihisha, wajane wachache waliobaki wakiwa hai.

Mjukuu wa askari,
Tabora