Simu ya Rama na Ile ya Mama

Tokyo, Jumapili usiku

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Dakika saba, na sita zote ni iPhone 17 Pro anayoitaka Rama. Mama umemtaja mwishoni, tena mbiombio.

Haya, nimekwenda. Yodobashi ya Akihabara, duka la ghorofa tisa ubavuni mwa stesheni. Chukua soko la Ngamiani mkesha wa Idi, ulipandishe ghorofani. Spika zinapiga wimbo wa duka kutwa kucha, na tuni yake ni ileile ya "glori glori haleluya" aliyokuwa akiifulia Mama Neema uani. Nilisimama katikati ya watu kama mjinga, nanusa sabuni ya mche.

Muuzaji akaniletea karatasi ya Kiingereza, ya watalii. Nikamjibu kwa Kijapani chao cha heshima, mpaka akainama mara mbili. Mwambie Mjomba kuwa mtihani wa Kijapani, ngazi ya N2, nimefaulu, yeye aliyesema nimekuja huku kuosha vyombo. (Vyombo naosha, lakini hayo hayamhusu.)

Sasa hiyo iPhone 17 Pro nimeishika. Kamera zimejengewa kibaraza mgongoni, toka ubavu hadi ubavu, na ile ya rangi ya chungwa utadhani kizibao cha kibarua wa bandarini. Dada yake, Air, ana unene wa milimita 5.6, ukisahau ukaikalia, kilio. Nzuri, sikatai, ila unaishika kama yai la mtu. Mimi niliipenda Sony Xperia, bado ina tundu la earphone na pa kuweka memori kadi. Nikajaribu kupiga picha, ikalia "kacha!", watu wakageuka. Simu za huku mlio huo hauzimwi, kwa ajili ya wale wanaopiga wanawake picha za siri kwenye treni.

Tena mwambie Rama: hizo 17 za Japani hazina tundu la laini kabisa. Laini inaingizwa kwa mtandao. Kadi yake ataichomeka wapi, sikioni?

Lakini Dada, nisimumunye maneno. Simu niliyomtumia Mama mwaka juzi iko kwa nani? Nilipiga siku ya Idi, akapokea Rama, nasikia na bao linachezwa. Mama karudishiwa kitochi, nami uso wake sijauona tangu kabla ya mfungo.

Basi nimenunua moja tu, ya mtumba, kioo kikubwa, tundu la laini lipo. Jina la Mama nimeliandika mgongoni kwa wino usiofutika. Rama amwekee laini, kisha aiache hapo hapo kitandani kwa mwenyewe. Hela ya mabati mwisho wa mwezi.

Ijumaa, mkishaswali Isha, nitapiga video. Kwangu itakuwa saa nane usiku, nitakuwa macho. Apokee mwenyewe, na taa ya ukumbini msiizime.

Mdogo wako,
Shaabani