Idi Njema kutoka Tanga, na Hongera za Miaka 60 (au 62)

Asalaam aleikum ndugu, majirani na marafiki, wa karibu na wa mbali. Idi Mubarak. Kulla aam wa antum bikheri. Mola azipokee funga zetu, hata zile za kusuasua, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na mwaka huu tunawataja kwenye dua tu.

Salamu hizi nawaletea sikukuu imeshakwisha kwenye kalenda, lakini visheti bado vimo mkebeni na hina haijafifia viganjani, kwa hiyo kwetu bado ni Idi.

Mwaka huu imetukuta kaskazi inaaga. Mnaoijua Tanga ya Machi mnajua ninachosema: upepo umesimama, joto linanata, mawingu yanajikusanya juu ya bahari kutishia masika, halafu yanatawanyika. Tumefunga kwa jasho. Na hatukufunga peke yetu, maana Ramadhani na Kwaresma zimeanza wiki moja. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na sisi tukaingia kwenye mfungo siku hizohizo. Mama ntilie wa kona yetu alikuwa amejipanga kuuzia Wakristo mchana, akakuta na wao wameanza kujinyima. Jirani zetu hao bado wana safari mpaka Pasaka, tarehe 5 Aprili. Nawasalimu sana. Visheti vyenu tumeviweka pembeni, msiwe na wasiwasi.

Lakini Idi hii ina jambo lake. Shoga yangu, fundi cherehani wa Ngamiani ambaye wengi wenu amewashonea, kama si nguo ya Idi basi sare ya shule, ametimiza miaka 60. Au 62. Inategemea anataka nini kwako.

Alizaliwa Idi ya Mfunguo Mosi, asubuhi, wanaume wakielekea kuswali. Jina alilopewa sina haja ya kuwatajia. Huku kwetu mtoto wa kike wa siku hiyo jina lake linajulikana kabla hajalia. Mama yake hakuandika tarehe. Alikuwa na hakika na mambo mawili tu, mwaka 1966 na Idi. Ukiitafuta Idi hiyo kwenye kalenda utaikuta Januari, siku kumi za mwisho. Ila aliyemwandikisha kitambulisho hakuwa na muda wa kutafuta mwezi wa zamani. Akamwandikia tarehe 1 Januari, kama walivyoandikiwa wazee wengi wa rika letu, akaita anayefuata. Basi shoga ana siku mbili za kuzaliwa. Ya kadi anaionyesha wanapoitaka. Ya kwake mwenyewe ni Idi, popote itakapoangukia.

Na hapo ndipo hesabu inaponoga. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, pungufu ya siku kama 11 kwa mwaka wa jua. Kwa hiyo Idi inarudi nyuma kila mwaka, na ikifika miaka kama 33 inakuwa imezunguka misimu yote na kurudi ilikoanzia. Kutoka Idi ya mwaka 1385 wa Hijra aliyozaliwa hadi hii ya 1447 ni miaka 62 kamili. Kadi inasema 60. Kwenye dirisha la wazee, foleni ikiwa ndefu, ana 62 na magoti yanamuuma. Akitokea mgane mwenye mashua yake pale Deep Sea akauliza, ana 60, tena anaitamka kama vile kuna kasoro kidogo.

Kwa mtindo huo amesherehekea kuzaliwa kwake katika kila hali ya hewa tuliyo nayo. Idi za utoto wetu zilikuwa za vuli, Novemba na Oktoba. Tulipokuwa wari zilihamia Agosti na Julai, kusi linavuma, asubuhi unatetemeka ndani ya gauni jepesi kwa sababu umekataa kulifunika na kanga. Tulipoanza kubeba watoto zilikuwa za Mei na Aprili, masika yanamwagika, tunavuka madimbwi kwenye barabara za Ngamiani tumeshika viatu mkononi ili vifike vinakokwenda vikiwa vipya. Nikimwambia "ile Idi ya viatu mkononi" hahitaji nimtajie mwaka. Ataniambia nani aliteleza, na kitenge chake kilikuwa cha rangi gani. Mwaka 1999 Idi ikarudi Januari, mzunguko mzima umekwisha. Na mwaka 2000, wenye kumbukumbu mtakumbuka, Idi ya Mfunguo Mosi ilikuja mara mbili, Januari na tena Desemba. Alidai zawadi mbili. Nilimpa moja, na kesi hiyo haijafungwa mpaka leo.

Sasa, kuzaliwa Idi ni baraka, ila kuzaliwa Idi halafu ukawa fundi cherehani ni kazi nyingine. Mkesha wa siku yake hajawahi kuulala. Mji mzima ikifika magharibi ya tarehe 29 unatazama juu kuomba mwezi uandame. Mafundi wanaomba 30. Wakitangaziwa redioni kwamba umeonekana, watu wanapiga takbira, yeye anashika kiuno. Tena wapo wateja wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, hao huja kudai nguo zao siku moja kabla, na wapo wanaongoja tangazo la Mufti. Yeye hana upande kwenye mjadala huo. Anasema mwezi wowote ukionekana wewe lete risiti.

Mwaka huu nilikaa barazani kwake usiku ule nikimsaidia kutia vifungo. Umeme ulikuwepo, namshukuru Mungu, lakini pasi ya mkaa ilikuwa pembeni imeshawashwa, maana hamwamini mtu. Sheria yake ni moja: watoto kwanza. Mtu mzima anaweza kuvaa dera la mwaka jana, na asiyeweza ana tatizo lake jingine. Ilipokaribia saa sita usiku akaja kijana mdogo na kanzu ambayo mikono yake ilimeza vidole vyote. Akamsimamisha juu ya kigoda, akakunja, akabana kwa pini alizokuwa amezishika midomoni, huku anamuuliza kwa meno yaliyofumbwa kama amekwisha kutoa zaka au anangoja baba yake. Akapindia, akapiga pasi, akamvalisha. Mtoto akanyosha mikono mbele, akaitazama, akatoka mbio bila kuaga. "Huyo ndiye mteja," akaniambia. Mama yake alikuwa bado anadaiwa nusu.

Na msije mkafikiri yeye mwenyewe hubaki bila nguo. Mganga hajigangi, lakini fundi huyu hujishonea Rajabu, akaining'iniza kabatini ndani ya mfuko, akafunga na ufunguo.

Idi Mosi yenyewe ilikwenda kama zinavyokwenda. Pishi za mchele zilishafika kwa wenyewe kabla ya sala. Pilau ikaliwa kwa mmoja, ikarudiwa kwa mwingine kwa adabu, ikakataliwa kwa wa tatu kwa sababu pumzi zimekwisha. Watoto wakapita kukusanya mkono wa Idi, wakienda kuumaliza kwenye bembea za Tangamano. Ninaona bei ya bembea inapanda haraka kuliko mkono wa Idi, na hilo watoto wamelitambua kabla yetu.

Idi Pili ndiyo ilikuwa yake. Wanawe walitaka kumkodia ukumbi. Akakataa. Akasema amezaliwa Tanga, ameolewa Tanga, ameachika Tanga, ameolewa tena Tanga, na mapango ya Amboni hajawahi kuyaona. Wageni wanatoka Ujerumani kuja kuyatazama, yeye anayasikia tu. Tukachukua bajaji, mimi na yeye na mjukuu wake mmoja wa kushika simu. Ni mwendo wa kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, barabara ya Horohoro, halafu unakata kuingia Kiomoni.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole, anayejua kazi yake. Akatuonyesha kwa tochi jiwe la mamba, jiwe la tembo, na popo wamejipanga darini kwa mamia, na harufu yao. Akatueleza kwamba majabali yale ni ya chokaa, yalikuwa chini ya bahari, na yana umri wa miaka kama milioni 150.

"Kwa mwezi au kwa jua?" shoga akauliza.

Kijana hakuelewa tumecheka nini. Akaendelea na hadithi inayosimuliwa siku zote, ya mbwa aliyeingia humo akatokea Kilimanjaro, ingawa waliokuja kuyapima mapango yenyewe walikuta lililo refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Kisha tukafika penye mzimu, kwenye chupa za marashi na sarafu za wanaokwenda kuomba. Mjukuu akamuuliza kwa kunong'ona kama na yeye ana cha kuomba. Akamjibu kwamba kuomba kwake ni kwa Mungu, na kama angepewa nafasi ya ziada angeomba wateja wanaolipa.

Halafu kuna mahali njia inakuwa tundu. Unainama, baadaye unapiga magoti, mwisho unatambaa. Mimi ni mwembamba, nikapita. Yeye alipitisha kichwa, akapitisha mabega, nyonga zikagoma. Akawa ametulia pale, nusu upande wetu, nusu upande wa mjukuu, dera limenasa kwenye ncha ya jiwe. Kijana akababaika. Kumshika bibi wa watu mkono hakuona vyema, kumwacha pia si vyema. Akabaki anasema, "Shikamoo bibi, samahani bibi, jaribu kupumua polepole."

"Marahaba mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea. Sasa nivute."

Akamvuta, mjukuu akasukuma, dera likachanika kipande cha kiganja hivi, na shoga akatokea upande wetu vumbi la chokaa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Kitu cha kwanza alichofanya, hata kabla ya kusimama sawasawa, ni kukagua mpasuko kwa vidole na kusema pamepasuka penye mshono, kwa hiyo si hasara. Tulipotoka nje kwenye mwanga alikaa juu ya gogo akacheka mpaka akatoa machozi. Sijamwona akicheka vile tangu alipomzika mumewe wa pili.

Nyumbani wajukuu walikuwa wanatungoja. Kwa vijana wa sasa kuzaliwa bila kumwagiwa maji hakujatimia, na hawaangalii umri. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya bomba. Ya pili ilikuwa na barafu. Vumbi la Amboni likageuka tope, hina ikabaki. Na keki ilikuwepo. Mzee mmoja wa mtaani alipita akasema mambo ya keki za kuzaliwa si yetu. Akaambiwa karibu babu, hii ni keki ya Idi, na akala vipande vikubwa kuliko vya wengine. Juu yake waliandika 60 kwa krimu ya waridi. Shoga, bado analowanisha sakafu, akachukua kisu, akakwangua ile sifuri kwa ncha, akaichovya kidole kwenye krimu ya pembeni na kuandika mbili. Mbili yenyewe ilipinda, inafanana na bata.

Mkiniuliza mimi ninavyoona, hesabu yake ndiyo ya kweli. Tarehe 1 Januari ilibuniwa na mtu aliyekuwa na foleni. Idi tumeihesabu pamoja, moja baada ya nyingine, kwa jua na kwa tope. Tukijaaliwa, mwaka 2031 itarudi tena Januari, mwezi aliozaliwa, na tumeshaanza kubishana itakuwa zawadi moja au mbili.

Kwa sasa tunapanga ya karibu. Idi ya Mfunguo Tatu inatarajiwa mwishoni mwa Mei, na shoga anasema mapango yamemfungua hamu. Anataka Pangani. Ni kilomita 50 hivi. Njiani tutashuka Machui kumsomea fatiha Shaaban Robert, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1909, siku moja na kadi ya shoga yangu, tutazame na makaburi ya nguzo pale Tongoni, halafu tupande kivuko tuvuke mto mpaka Bweni. Bweni hatuna shughuli yoyote. Tutavuka, tutanunua madafu, tutarudi.

Anayetaka kuja aseme mapema. Nauli kila mtu yake, chakula tutabeba sisi, mwembamba na mnene wote wanakaribishwa kwa sababu kivuko hakina tundu. Na wenye nguo za kushonesha kwa ajili ya Idi hiyo, fundi amenituma niwaambie: vitambaa anapokea kuanzia sasa hadi mwezi utakapoandama. Ukishaandama, msimpigie simu.

Idi Mubarak.